Pembe Isiyofungika

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, Josephati seremala alipandisha ubao wa urembo hadi kwenye pembe ya dari, na kwa mara ya tatu pembe ikakataa kufunga. Upenyo ulitosha kupitisha kidole.

"Bado," akasema Mzee Abbasi kutoka chini, kana kwamba fundi ni kipofu.

Josephati aliushusha ubao. Alikuwa mtu wa Mbulumbulu mwenye jina lake. Nyumba za masetla wa Oldeani alizizungushia mbao za namna hii, pale ukuta unapokutana na dari, wala hakuna aliyemtoa kasoro. Ndiyo maana Abbasi, mwenye duka hapo Karatu, alimwita airembe sebule kabla ya wageni wa posa ya bintiye kufika Jumamosi. Sasa ilikuwa Alhamisi, na mbao za podo alizoziranda wiki nzima zilikuwa zinaisha kwa kukatwakatwa.

"Labda hujapima vizuri."

"Nimepima mara nne, mzee."

"Basi msumeno wako mbovu."

Hapo uvumilivu ukamwishia. Akashuka ngazi, akabandika guni lake la chuma, la kupimia pembe mraba, kwenye pembe. Upande mmoja ulishika ukuta, wa pili ukakaa mbali.

"Msumeno mzima! Ukuta ndio umepinda. Aliyeujenga alikuwa amelewa?"

Abbasi akatazama mlangoni. Mkewe, Bi Zuena, alikuwa amesimama pale na sinia la chai.

"Niliujenga mimi," alisema. "Fundi alitoroka, mume wangu yuko Loliondo kununua ng'ombe, mvua imekaribia, nami nina mtoto mgongoni. Sikulewa."

Josephati alitamani ardhi immeze. "Nisamehe, mama."

Bi Zuena alitua sinia, akaleta karatasi ya kufungia sukari. Akapanda ngazi mwenyewe, akaibana kwenye pembe mpaka ikashika umbo lake, akaikata, kisha akaikunja katikati.

"Mimi hushona nguo. Mwili wa mtu nao haufuati guni. Kata ncha za mbao zote mbili kwa mkunjo huu."

Josephati alikata, huku akijiudhi kwamba hakuliwaza hilo. Ubao ukaingia. Ufa uliobaki ungezibwa na rangi.

"Na ukuta wa mlangoni?" akauliza kwa adabu.

"Ule aliujenga mwenyewe, aliporudi," akajibu Bi Zuena, akimwonyesha mumewe kwa kidevu.

Abbasi akakumbuka kwamba dukani kuna wateja. Josephati akaomba karatasi nyingine tatu.