Kichwa Kilichobaki Ujerumani

Haya aliniambia Zdravka mwenyewe, Jumapili iliyopita, tukiwa kibarazani kwake tunatoa kokwa za cheri. Kila akifika pale pa trekta ilibidi aweke kisu chini, acheke kwanza.

Ilikuwa asubuhi ya kwanza ya mavuno ya waridi. Shamba lile Zdravka alilipanda peke yake, mumewe Rangel akiwa Ujerumani anapaka rangi nyumba za watu. Bi Velika, mwenye mtambo wa kukamulia mafuta ya maua, alikuwa amemwambia wazi: "Niletee viroba vya kwanza nivione. Vikifika vya baridi, nachukua maua yako msimu mzima. Vikifika vimepata moto, usinisumbue tena." Maana waridi likishindiliwa kwenye kiroba, jua likapanda, linajipika lenyewe kama samadi.

Wakachuma tangu alfajiri, wakapakia kwenye gari kuukuu aina ya Moskvich la marehemu baba yake Zdravka. Yeye akakaa kiti cha nyuma, viroba vimemfika puani, haoni mbele wala pembeni. Rangel, aliyekuwa amerudi juzi tu kutoka Ujerumani, akashika usukani huku anatafuna banitsa, ule mkate wetu wa jibini.

Wakasimama kuongeza mafuta. Zdravka akamsikia mhudumu akiuliza, "Petroli, kaka?" Rangel mdomo umejaa, akajibu kwa kichwa. Akakiinamisha na kukiinua, vile alivyozoea kwa Wajerumani miaka yote ile. Lakini sisi Wabulgaria anayekubali hutikisa kichwa huku na huku, na anayekiinamisha anakataa. Mhudumu akaona petroli imekataliwa, akachomeka bomba la dizeli. Gari lenyewe la zamani, mdomo wa tangi mpana, likapokea bila kinyongo.

Hawakufika mbali. Gari likakohoa, likafuka moshi, likazimika kando ya barabara.

Rangel akafungua tangi, akanusa. "Zdravka, hii dizeli."

"Ulimwambia nini yule bwana?"

"Nilimwambia ndiyo!"

"Kwa mdomo au kwa kichwa?"

Rangel akafunga kifuniko cha tangi. Kisha akasema polepole, "Kwa kichwa."

"Uwii! Mwanamume wewe, umeyaua maua yangu kwa shingo!"

Zdravka akavishusha viroba kivulini chini ya mti wa mjozi, akavifungua midomo vipumue. Alipoingiza mkono, kimoja kilishaanza kuwa fufutende. Machozi yakamlenga.

Hapo akatokea Mzee Gancho na trekta lake, tela tupu nyuma. Akapunguza mwendo, akapaza sauti, "Niwasaidie?"

Rangel, kwa furaha, akainamisha kichwa mara kwa mara kama kuku anayedonoa.

"Haya, bakini na kiburi chenu," akasema mzee, akakanyaga mafuta.

Zdravka akatoka mbio nyuma ya trekta, anatikisa kichwa kushoto kulia mpaka kitambaa kikaruka. "Mzee wangu, simama! Usimsikilize huyo!"

"Kwani si mumeo?"

"Mume ni wangu, ila kichwa bado hakijafika!"

Wakapakia viroba kwenye tela, na Mzee Gancho akacheka njia nzima. Mbele ya mtambo, Bi Velika akakunja mkono wa gauni, akazamisha mkono kwenye kila kiroba hadi kwenye kiwiko. Kile cha fufutende akakisukuma pembeni kwa mguu. "Hiki rudi nacho. Hivi vingine nachukua. Na kesho lete, ila njoo na trekta."

Zdravka akambusu mashavu yote mawili.

Walifika nyumbani mchana. Rangel, hana nguvu hata ya kuvua viatu, akakimwaga kile kiroba kilichokataliwa kwenye kivuli cha ukuta, akajilaza juu yake na kuanza kukoroma.

"Ona bibi harusi wangu kwenye kitanda cha maua," Zdravka akasema, akacheka peke yake. Akamtoa petali masharubuni, akajinyoosha kando yake, usingizi ukamchukua.