Goti la Nyumba ya Bi Verna

Jumanne asubuhi, mtangazaji wa hali ya hewa alipopaka rangi nyekundu nusu ya jimbo la Arkansas kwenye ramani yake, Verna Stubblefield alikuwa dukani mjini Dunlow akigombania mkate na maziwa. Mvua kubwa ikitabiriwa, watu wa Dunlow hununua mkate na maziwa, hata wasiokunywa maziwa, na usiwaulize kwa nini. Radi na mafuriko Alhamisi, mtangazaji alisema. Verna aliunyakua mkate wa mwisho, akarudi kwake, akaikuta nyumba imeshasimama.

Hilo lilikuwa la kawaida. Nyumba saba za bati za Mtaa wa Chini, zilizokalia matofali kando ya kijito, zilisikiliza utabiri kama kila mtu. Zikisikia mafuriko, hunyanyuka, hupanda kilima na kutulia kwenye maegesho ya kanisa la Kibaptisti mpaka maji yapungue. Wenyewe hufunga makabati kwa kamba, basi.

Ila safari hii nyumba ya Verna ilikuwa na goti bovu. Ilisimama ikitweta, imeegemea upande wa jikoni. Verna hakuwa na nyumba nyingine, na kile kilima aliona wazi hakipandiki. Hofu ikamshika. Akaenda ofisi ya kaunti kuomba mifuko ya mchanga ya kuzuia maji, ili nyumba ibaki imekaa.

Karani, Wendell Crume, alikunjua ramani. Mifuko ilikuwa ya mitaa ambayo nyumba zake ziliwahi kulowa, na wakubwa wa Mtaa wa Bustani walishapelekewa malori mawili.

"Bi Verna, kwenu hakujawahi kulowa hata nyumba moja."

"Zitalowaje, na zinakimbia?"

"Si ndiyo nasema? Mnajiweza."

Verna akamwambia ana roho mbaya, tena tangu utotoni. Wendell akaikunja ramani.

Alhamisi mchana king'ora kikalia. Wanaume wa Dunlow wakatoka vibarazani kulitazama wingu, maana king'ora kikisema ingia ndani, wao ndipo hutoka. Nyumba sita zikapanda. Ya Verna ilifika nusu ya kilima, ikakaa kitako katikati ya barabara. Verna akaibembeleza, akaitukana, akaichua goti kwa dawa yake mwenyewe ya mgongo. Jirani yake Odell akaisukuma na pikapu kwa nyuma, huku akiisema jinsi ilivyonenepa. Nyumba ikaona haya, ikanyanyuka, ikafika kanisani ikichechemea, maji yakiwa hatua tatu nyuma yake.

Ijumaa Wendell alikuja kukagua, kwa mtumbwi. Alipiga kasia Mtaa wa Chini mzima, akipita juu ya masanduku ya barua, akaandika kwenye fomu: nyumba zilizolowa, hakuna. Kisha akapanda kanisani ili Verna atie sahihi. Alimkuta akikaanga mayai jikoni, sakafu imelala upande.

"Na mvua ijayo?" Verna akauliza. "Goti hili limekwisha, Wendell. Haitapanda tena."

Wendell akachuchumaa mlangoni, akanyoosha mkono chini, akaligusa goti la nyumba kwa huruma ya kweli. Alisema hata la bibi yake liliuma hivyohivyo.

"Ikishindwa kupanda, ikazama," alisema, "njoo siku hiyohiyo. Mifuko nitakupa mwenyewe."

Verna akaisoma fomu mara mbili. Hakuona uongo wowote ndani yake, akatia sahihi.