Kazi Nyepesi ya Winrose

Mlango wa stoo ulipofunguliwa, Winrose alikuwa amepiga magoti sakafuni, paji la uso likiwa juu ya gunia lililokunjwa, makalio juu, yakitazama mlangoni. Dawa ya choo ilimchoma puani. Tumbo lilining'inia karibu liguse saruji. Aliyefungua alikuwa Bwana Nyamu, mkuu wa ofisi ya serikali ambako Winrose alikuwa kibarua wa usafi, mtu mwenye tai mbili na hotuba moja. Alikuwa amekuja kutafuta karatasi ya chooni.

Hakuurudisha mlango. Bwana Nyamu hakuwa na desturi ya kufunga milango, alifungiwa. Nyuma yake, watu waliokuwa wakingojea mihuri kwenye ukumbi mwembamba walinyoosha shingo.

Winrose alijaribu kuinuka haraka, lakini tumbo la mwezi wa nane haliinuki haraka. Likaja goti moja, kisha mkono kwenye rafu, kisha chupa ya dawa ikaanguka, kisha sketi ikavutwa chini. Kufikia aliposimama, nusu ya mji wa Siakago ilikuwa imeona kile ambacho baba mkwe wake alikiona mapema wiki ile.

Hilo la baba mkwe ndilo lililomfikisha stoo. Sista Eunice wa zahanati alikuwa amempapasa tumbo kwa mikono miwili na kumkuta mtoto ameketi wima, kichwa chini ya mbavu za mama yake, kama chifu barazani. Akamwambia apige magoti, ashushe kifua hadi chini, ainue kiuno, akae hivyo kadiri awezavyo, asubuhi na jioni. Akiketi, aegemee mbele, asijilaze kwenye sofa. Winrose hakuwa na sofa, kwa hiyo sehemu hiyo ilikuwa rahisi kuitii. Watoto wengine hugeuka, sista alisema, wengine hukataa. Akikataa kuna hospitali kubwa ya Embu, daktari ajaribu kumgeuza kwa mikono au afanye upasuaji. Jambo moja alilirudia akiwa amemshika kifundo cha mkono: maji yakivunjika mtoto akiwa bado ameketi, asitembee, asiendelee na kazi. Alale chini, aite watu, abebwe kwa gari papo hapo, maana kamba ya kitovu inaweza kumtangulia mtoto, na hapo mtoto hakawii kufa.

Jioni ya kwanza ya mazoezi, mzee aliingia kuomba kiberiti. Kwao Mbeere mkaza mwana humpita baba mkwe akiwa ameinama kwa adabu. Winrose alikuwa ameinama, ila upande usiofaa. Mzee alitoka kinyumenyume, akachukua fimbo yake, akahamia kwa mwanawe mwingine kule Ishiara bila kuaga. Muchangi, mume wa Winrose, alimuuliza ni ugonjwa gani huo unaotibiwa kwa kuwatusi wazee, na akamkataza kuufanyia nyumbani kwake.

Sasa Bwana Nyamu alikuwa akimtazama.

"Winrose, unaomba ama umelala?"

"Ni mazoezi, bosi."

"Ya nini?"

Alijibu akitazama sakafu. Bwana Nyamu akamtaka arudie, watu wa nyuma hawakuwa wamesikia.

"Mtoto amekaa vibaya. Sista alisema nipige magoti asubuhi na jioni, ndio ageuke."

"Asubuhi na jioni." Bwana Nyamu alilitafuna neno hilo. "Na hii sakafu yangu huoshwa saa ngapi?"

"Asubuhi na jioni, bosi."

"Basi wewe umebarikiwa."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, na wengine wakaona ni adabu kumsaidia.

Siku hiyohiyo mopu ilifungiwa ndani ya kabati la mkuu, na Winrose akakabidhiwa tambara na ndoo. Wakati wa chai, Bwana Nyamu aliwaeleza wafanyakazi kwamba hiyo si adhabu bali ni afya ya mama na mtoto, na kwamba ofisi nyingine zingemfukuza kibarua mwenye hali hiyo. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Kibarua hana likizo. Aliyekwenda kujifungua alirudi akakuta mwingine amevaa aproni yake. Winrose alimshukuru. Alimshukuru mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mkuu alisema hakusikia.

Na kwa vile ofisi ilikuwa imepata mtu anayesafisha kwa bidii ya kiwango hicho, Kathuri, msafishaji wa pili, alionekana kuwa wa ziada. Serikali iliendelea kumlipa kama msafishaji. Asubuhi alikuwa akimwagilia muguka, miraa ya Mbeere, shambani kwa Bwana Nyamu.

Winrose aliusugua ukumbi kwa magoti, akisukuma tumbo mbele yake, akiwaomba samahani wenye viatu. Wanawake wa kanisani kwake waliokuja kupigiwa mihuri walianza ghafla kusoma matangazo ya ukutani, hata yale ya mnada wa ng'ombe wa mwaka juzi. Usiku magoti yalimvimba. Alijiambia kuwa mtoto anasikia, atageuka, na aibu yote itakuwa imekuwa na faida.

Kliniki iliyofuata, alimsimulia Sista Eunice habari za tambara akitarajia kupongezwa. Sista alikuwa amelikuta lile tufe gumu la kichwa palepale chini ya mbavu. Akasema hakumaanisha hivyo. Kusugua kutwa ni kuchoka, si mazoezi. Akapiga simu Embu, akamtafutia nafasi Alhamisi. Alitaka pia kumpigia mkuu wa ofisi. Winrose alimsihi asipige.

Alimwendea mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Alhamisi nina wageni wa ukaguzi," Bwana Nyamu alisema. "Mtoto amekaa miezi minane. Atashindwa na siku moja?"

"Sista alisema ni Alhamisi, bosi."

"Na mimi nasema ni Ijumaa. Ama niite Kathuri achukue nafasi yako?"

Winrose alisema Ijumaa ni sawa.

Alhamisi wageni walifika wakiwa watatu, wenye suti na viatu vya kung'aa, wakamkuta ukumbini na tambara lake. Mmoja wao alisita, akauliza kama ni sawa mama huyu kuwa pale chini.

"Huyu tumempa kazi nyepesi," alisema Bwana Nyamu. "Ni ushauri wa kitaalamu. Si ndio, Winrose?"

"Ndio, bosi."

Mgeni aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akasema laiti ofisi zote zingejali akina mama hivyo.

Hapo ndipo Winrose aliposikia ndani yake mpasuko mdogo, kisha uvuguvugu ukimteremka mapajani. Alijua. Alale chini, aite watu. Mbele yake viatu vya wageni; nyuma yake benchi limejaa, na katikati ya benchi ameketi mzee wa kanisa anayesali pamoja na baba mkwe wake. Uvuguvugu ulifika magotini na kuanza kutanda juu ya saruji.

Akatoa kiwiko, akaisukuma ndoo.

Maji yalienea ukumbi mzima, yakachanganyika na yake. "Nisamehe, bosi. Imeteleza."

Bwana Nyamu alicheka kwa niaba ya ofisi. Alisema mimba humfanya mtu asahau mikono yake, na kwamba akaushe upesi kabla mtu hajaanguka, maana maji yenyewe hununuliwa. Akawaongoza wageni kwenye chai. Karani akafunga mlango nyuma yao.

Sasa angeweza kuita. Winrose alifungua kinywa.

"Na huku pia, mama, usisahau," mzee wa kanisa alisema kwa upole, akionyesha chini ya benchi.

Alikamua tambara. Alitambaa kuelekea kule, na alipotambaa kitu kiliteleza ndani yake na kushuka, chororo, chembamba kama kamba, chepesi mno kuwa mtoto. Maji yalikuwa bado yanakuja. Kwenye benchi watu waliinua miguu, mmoja baada ya mwingine, ili mkono wake ufike.