Alichosema Zunilda Bungeni

"Wabunge wameshawasikia madaktari na wanasheria," alisema Padri Fermin, akikaa juu ya gunia la viazi. "Bado hawajamsikia anayewapikia maskini. Nenda wewe, mama."

Zunilda hakuacha kukata vitunguu. Sufuria ya dengu ya watu mia mbili ilikuwa imeanza kutokota, na madirisha ya jiko la parokia yalikuwa yamefunikwa na ukungu wa baridi ya Julai.

"Nikaseme nini, Padri?"

"Unachokijua. Serikali inataka kulipia utoaji mimba katika hospitali za umma, na wasichana wetu hawakuomba hilo. Wanaomba chakula, pa kulala, mtu wa kuwashika mkono. Wewe umewapokea wangapi hapa?"

"Sikuwahesabu."

Walikuwa wengi. Alianza kuwapokea miaka miwili nyuma, baada ya kumzika bintiye Mirna, wa miaka kumi na tisa. Mtaa mzima wa mabanda ulijua Mirna aliuawa na homa ya mapafu. Ndivyo Zunilda alivyowaambia, hata Padri aliyeongoza mazishi.

Alhamisi alivaa koti la kuazima, wakaenda katikati ya Buenos Aires. Nje ya Bunge barabara ilikuwa imegawanywa kwa vyuma: huku vitambaa vya kijani, wanaoitaka sheria, kule vya samawati, wanaoipinga. Padri alimfunga cha samawati mkononi, naye hakukataa.

Mbele ya kamati, karatasi aliyoandikiwa na Padri aliikunja akaiweka kando.

"Mimi ni mpishi," alisema. "Binti yangu alipopata mimba alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba msaada wa kumlea mtoto. Wakamwambia arudi na cheti. Akarudi nacho. Wakamwambia fungu limekwisha, aje mwakani. Mimba haingoji mwakani. Akaenda kwa mwanamke mmoja wa kichochoroni. Akatoka damu siku mbili, hospitali akaiogopa kwa sababu ya polisi. Leo nasikia fedha zipo. Zilikuwa wapi alipoomba za kuzaa?"

Upande wa Padri watu waliitikia kwa vichwa. Mbunge mmoja mwanamke akasogeza kipaza sauti.

"Pole sana, mama. Sheria hii ingekuwapo, si binti yako angekuwa hai leo?"

Zunilda akamgeukia.

"Pengine. Najiuliza hilo kila siku. Lakini yule wa tumboni alikuwa mjukuu wangu, bibi. Siwezi kusema hakuwa mtu ili nipate usingizi." Akashika ukingo wa meza. "Na sijamaliza. Hayo yote niliambiwa baadaye na rafiki yake. Mirna mwenyewe hakuniambia kitu, na tulilala kitanda kimoja. Siku moja tukitoka misani nilimwonyesha msichana wa jirani mwenye mimba, nikamwambia, wewe ukiniletea aibu ile, mlango wangu usiujue tena. Kabla hajawaogopa polisi, aliniogopa mimi."

Hakuna aliyepiga makofi, upande huu wala ule.

Nje, mwanamke wa kitambaa cha samawati alimwinamia sikioni. "Dada, umewapa fimbo ya kutuchapia."

Zunilda akapita. Padri Fermin alitembea kando yake mpaka kituoni.

"Nilimzika," akasema hatimaye, "na hukuniambia."

"Ungejua, ungemzika vilevile, Padri?"

Padri akainua mkono kulisimamisha basi.

Kesho yake wanawake wawili wa jikoni hawakutokea. Zunilda alimenya maboga peke yake, akapika, akapakua. Foleni ilipokwisha, Daiana, binti wa fundi viatu, alibaki mlangoni na sahani yake, koti limefungwa mpaka kidevuni.

"Bi Zunilda, jana nilikuona kwenye televisheni."

"Ulisikia yote?"

"Nilisikia." Akatazama sakafu. "Nikikwambia kitu, utamwambia mama?"

Zunilda alifuta mikono, akavuta benchi karibu na moto. Msichana akakaa ukingoni kabisa, kama mtu wa kuondoka, vifungo vya koti hakuvigusa. Zunilda aliyakoroga maboga yaliyobaki, taratibu, akingoja.