Kitambaa Chekundu Msumarini

Ashura alikuwa anachuja chai ya mumewe, Bakili, kama kila asubuhi, chupa moja ya nyumbani na nyingine ya dukani, mlango wa uani uliposukumwa bila hodi. Aliingia Biasha, dada mkubwa wa Bakili. Alikuwa ameshuka kutoka Tunduru jana jioni, akalala kwa jamaa mtaa wa Ruhuwiko.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Weka hilo chujio ukae. Nimeitwa nije nikufunde upya."

"Nani kakuita?"

"Mumeo. Anasema unamnyima unyumba."

Mume mwenyewe alikuwa sebuleni, anatafuta chaja aliyokuwa ameishika.

Huyo Bakili anauza pembejeo karibu na soko, na hakuna jambo asilolizungumza. Mkulima wa Mshangano akiingia kuuliza bei ya mbegu, atatoka amejua pia mikorosho ya baba yake Bakili imepata ugonjwa wa ubwiri unga mwaka gani. Mpira wa ligi ataubishania mpaka sauti ikauke. Lakini mambo ya chumbani kwake huyaachia kitambaa.

Ndivyo kungwi alivyowaagiza siku ya harusi. Cheupe kikiwa msumarini juu ya kitanda, karibu. Chekundu, subiri. Zaidi ya hapo watu wenye adabu hawasemi. Na Ashura, mwalimu wa sayansi darasa la sita, anayechora mfuko wa uzazi ubaoni na kuandika majina ya kila sehemu, alirudi nyumbani kila siku akatii agizo hilo kwa miaka minne.

Sasa chekundu kilikuwa hakijashuka tangu kabla ya Idi. Bakili alikitazama kila usiku, akageukia ukutani, akanuna. Katika sababu zote duniani aliona moja tu, ile inayomhusu yeye: amekataliwa. Basi akapiga simu Tunduru, maana kumuuliza anayelalia mto wa pili kitandani kungekuwa ni kukosa adabu.

Biasha alianza mahubiri yake kwa sauti ya kusikika kwa jirani. Mwanamke ni hivi, mume ni vile. Ashura akainuka kumletea kikombe, akayumba, akashika mwimo wa mlango.

Biasha akayaacha mahubiri. Alimvuta karibu, akamfunua jicho kwa kidole gumba.

"Mbona ndani kweupe hivi? Una nini?"

"Kile chekundu, dada," Ashura alinong'ona. "Ni kweli. Haikatiki."

"Tangu kabla ya Idi, kama alivyosema mumeo? Umemwambia?"

"Nimetundika."

"Ametundika!" Biasha alicheka kicheko kibaya. "Bakili! Njoo hapa na hiyo chaja yako!"

Bakili akaja, akasimama akitazama sufuria.

"Dada, mwambie kama anaumwa aseme."

"Dada, mwambie angeuliza ningesema."

"Mimi mnara wa simu?" Biasha aliuliza. "Mnalala kitanda kimoja, salamu zenu zinapitia Tunduru! Wewe Bakili, jani la mkorosho likishika unga unaliona ukiwa barabarani, unakimbilia bomba la kupulizia salfa. Mkeo anapauka mbele ya macho yako, unanuna kama mtoto aliyenyimwa andazi. Na wewe mwalimu, matumbo ya watu unayachora, la kwako unangoja nani akuchoree?"

"Dada, polepole, majirani..." Bakili aliomba.

"Majirani ndio unaowaogopa? Haya, nawapisha. Nikirudi nikute mmesemezana."

Akatoka nje, akauvuta mlango nyuma yake.

Chai ilikuwa imeanza kupoa. Bakili alikohoa, akakusanya ujasiri wake wote.

"Leo dukani kutakuwa na wateja," alisema.

Ashura alimtazama mwanaume huyu mzima, ndevu zimechongwa vizuri, macho yakiuomba mlango umrudishie dada yake. Kwa mara ya kwanza alimwona mdogo. Tena aliona kwamba akimngoja huyu aulize, watamzika kimya kimya, kwa adabu zote.

"Natoka damu, Bakili," alisema, wala hakunong'ona. "Kila siku. Sikukukataa. Naumwa, na naogopa. Nataka unipeleke hospitali leo, tena uingie na mimi ndani kwa daktari, usibaki kwenye benchi."