Jina la Mia Mbili na Moja

Siku Kiti alipoondoka mvua ilikuwa imepungua kidogo, lakini maji ya mto Tana yalikuwa yameshaingia kijiji cha Idsowe. Aliiacha kompyuta ya ofisi ya misaada pale Garsen ikiwaka, akamwambia dada yake Mbeyu asiizime, atarudi kabla dizeli ya jenereta haijaisha. Akaingia mtumbwini kwenda kuwatoa watu. Dizeli ikaisha. Siku ya tatu mtumbwi ulionekana umepinduka, umenasa kwenye matete.

Programu ya kutafutia watu aliiandika Kiti. Majina yaliyoletwa kutoka kambi za Hola, Bura na kwingineko yaliingizwa humo. Mtu akija kumtafuta wake, jina likichapwa, mashine inasema yuko kambi gani. Mbeyu alikuwa akijifunza kazi hiyo kwake. Kila alipokwama, Kiti alimsukumia kitabu kinene cha maelezo.

"Mimi si kitabu, dada. Muulize huyo."

Mbeyu alinuna, Kiti akacheka, na mwishowe akamwambia jibu.

Wiki ya pili bila Kiti, dizeli nyingine ikiwa imeletwa, jina la mia mbili na moja, katikati ya orodha ya Bura, likagoma kuingia. Kioo kikaandika kosa namba tisa, basi. Mbeyu akafungua kitabu ukurasa wa kwanza, kama walivyosoma vitabu vya fasihi sekondari, akaanza.

Kwenye benchi alikuwa Halima, mama wa Kiorma aliyepotezana na mwanawe mdogo Dida maji yalipobomoa boma lao. Alifika kila asubuhi.

"Umefika wapi, binti?"

"Ukurasa wa arobaini na moja, mama."

"Ziko ngapi?"

"Mia sita."

"Basi Dida atakuja mwenyewe, ameshaota ndevu, tungoje pamoja."

Mbeyu akacheka, mara ya kwanza tangu mafuriko, na kicheko kikageuka kilio palepale. Halima hakumwambia anyamaze. Alikitoa tu kile kitabu mapajani mwa Mbeyu kisilowe, na kikafunguka kwa nyuma.

Kurasa za nyuma zilikuwa chafu kuliko zote. Zilikuwa na orodha ya maneno kwa mpangilio wa alfabeti, kila neno na ukurasa wake, zimejaa alama za vidole vyenye grisi ya jenereta. Kumbe Kiti hakuwahi kukisoma kitabu kile mwanzo hadi mwisho. Alianzia nyuma, akatafuta neno lake, akaenda moja kwa moja.

Mbeyu akatafuta neno "makosa", akashuka hadi namba tisa, akaelekezwa ukurasa wa mia tatu na kumi. Mistari minne tu: programu imeomba nafasi ambayo haikutengewa. Akairudia programu. Kiti alitenga nafasi za watu mia mbili. Hakudhani mto ungetawanya wengi zaidi ya hao. Mbeyu akaandika elfu mbili.

Orodha ya Bura ikaingia yote. Dida alikuwemo.

Halima alimshika Mbeyu kichwani, akajifunga mtandio wake vizuri, akatoka kuulizia kama barabara ya Bura inapitika. Mlangoni akageuka.

"Na wako?"

Mbeyu akachapa jina, akasubiri.

"Bado, mama."

Ofisi sasa hufunguliwa saa mbili asubuhi. Mbeyu huwasha jenereta, huingiza orodha mpya, huchapa jina la kaka yake, kisha hufungua mlango.