Kidole cha Fundi Mwinshehe

Jamani, mie nimetengeneza mafriji Temeke miaka ishirini na mbili, halafu eti nitahiniwe na binti aliyezaliwa nikiwa tayari na spana mkononi! Lakini hoteli moja ya Mbezi Beach ilikuwa inatafuta fundi wa kudumu, na bila kadi ya mafunzo hawakutaki. Kazi ile niliitaka vibaya mno.

Siku ya kwanza ya mafunzo mwalimu wetu, Loveness, aliniamkia shikamoo vizuri tu, kisha akaanza somo. Gesi ya mafriji ya zamani ukiiachia hewani inaharibu tabaka la ozoni, lile linalotukinga na jua. Anga ni moja, ya wote, ndiyo maana nchi zote zimetia saini mkataba: gesi hiyo inavutwa kwa mashine, inaingizwa kwenye mtungi.

"Mie sikutia saini popote," nikasema. Darasa zima likacheka. Loveness naye akacheka, ila mtihani hakuufuta.

Nikapewa friji kuukuu nitoe gesi. Nikasema Bismillahi, nikalegeza koki, nikaweka kidole gumba kusikia baridi, kama nilivyofanyaga maisha yangu yote. Pssss! Gesi yote juu, na mashine hata sijaiwasha.

"Mzee Mwinshehe, umefeli," Loveness akasema. "Rudi kesho. Ni mara ya mwisho."

Nilifika nyumbani nimenuna. Nikamwambia mke wangu Zubeda kwamba kichwa kimeelewa, kidole ndiyo hakisikii. Alicheka mpaka akakaa chini. Asubuhi akachana kanga yake kuukuu, akanizungushia kidole gumba mpaka kikawa kinene kama kipande cha muhogo.

"Kikitaka kuachia gesi, baba Tabu, kitanikumbuka mie," akasema.

Weee! Mafundi wenzangu walinicheka! Sikuwajali. Nikafunga mpira wa mashine kwenye friji, nikawasha, gesi ikaanza kuingia mtungini. Moyo ukatulia. Mara mpira ukapasuka karibu na koki: pssss! Sikufikiri hata kidogo. Kidole kilekile kikaruka, kikaziba tundu. Nikabana, kanga na yote, huku baridi ikinipenya hadi mfupani, mpaka Loveness alipofunga koki.

Akaupima mtungi, akaandika, akanitazama kidole. "Gesi karibu yote ipo. Lakini kanga siyo glavu, mzee wangu. Nakukata alama tano."

"Kata hata kumi, mwanangu. Nimepita, sijapita?"

"Umepita."

Nilipiga kelele bila aibu, na wale walionicheka wakanibeba juujuu. Waliponishusha, Loveness alinisogezea fomu ya kadi, akanionyesha mstari wa mwisho: naahidi kutoachia gesi hewani. Nikaifungua kanga ya Zubeda polepole, nikaikunja, nikaitia mfukoni, ili niweze kushika kalamu.

Safari hii nikatia saini.